Helikopta Ikizimika Injini Angani: Jinsi Marubani Wanavyofunzwa Kutua Salama

Watu wengi waionapo helikopta ikipita juu ya mashamba yao husema ya kwamba injini yake ikizimika, chombo hicho kitaanguka kama jiwe, kwa kuwa hakina mabawa kama ya eropleni. Maneno hayo si ya kweli. Helikopta iliyozimika injini yaweza kushuka kwa mwendo unaoongozwa, ikatua chini bila kuvunjika hata kioo, na waliomo wakatoka kwa miguu yao wenyewe. Lakini jambo hilo halitokei lenyewe. Hutegemea rubani afanye tendo moja papo hapo, na tendo hilo ni kinyume cha lile ambalo mwili wake unamhimiza alifanye. Ndiyo sababu katika masomo yote ya urubani wa helikopta ni machache yanayorudiwa mara nyingi kama hili, na ni machache pia yanayowatia wasiwasi wanafunzi na walimu wao kiasi hiki.

Tarehe 21 Juni, 1972, rubani Mfaransa aitwaye Jean Boulet alipanda angani kwa helikopta ya namna ya Lama, akafika kimo cha mita 12,442, yaani zaidi ya mara mbili ya kimo cha mlima Kilimanjaro. Alipopunguza nguvu ili aanze kushuka, injini ikazimika, wala haikuwaka tena. Boulet alishuka njia yote hiyo, kutoka katika hewa ya baridi kali na nyepesi mno, mpaka chini, bila injini, akatua salama. Aliweka siku hiyo sifa mbili kwa safari moja: kupanda juu kuliko helikopta yoyote iliyotangulia, na kushuka mbali kuliko zote pasipo injini.

Ili kufahamu jinsi jambo hili linavyowezekana, yafaa kuyatazama mapanga makubwa yazungukayo juu ya chombo. Kila panga limeumbwa kama bawa la eropleni, ila ni jembamba na refu. Eropleni huelea kwa kuyakimbiza mabawa yake mbele katika hewa. Helikopta huelea kwa kuyazungusha mabawa yake. Maadamu mapanga hayo yanazunguka kwa kasi ipasayo, hewa itakibeba chombo. Yakipunguza kasi kupita kiasi, hapo ndipo msiba ulipo, hata kama injini ni nzima kabisa.

Kati ya injini na mapanga mna kifaa kinachofanya kazi kama kile cha gurudumu la nyuma la baisikeli. Mwendesha baisikeli aachapo kukanyaga, gurudumu huendelea kuzunguka wala halizuiwi na miguu iliyotulia. Vivyo hivyo injini ya helikopta ikizimika, mapanga hujitenga nayo yakaendelea kuzunguka. Lakini kama vile baisikeli itakavyosimama katika uwanda baada ya muda, mapanga nayo yatasimama, tena upesi sana, isipokuwa yapate nguvu kutoka mahali pengine. Baisikeli hupata nguvu hiyo katika mteremko. Helikopta nayo huipata kwa kuteremka.

Wenye mashamba ya nchi kavu wameona vinu vya upepo vivutavyo maji kisimani. Kinu hakina injini. Upepo upitao katika mapanga yake ndio unaoyazungusha. Helikopta inaposhuka, hewa huja kutoka chini ikapita katikati ya mapanga kwenda juu, nayo hufanya kazi ya upepo ule. Si kila sehemu ya panga inayofanya kazi moja. Sehemu iliyo karibu na mhimili haifanyi kazi kubwa. Sehemu ya katikati ndiyo inayosukumwa na hewa na kuvuta panga zima lizunguke, na sehemu ya kuelekea ncha hubeba sehemu kubwa ya uzito wa chombo. Panga moja basi ni kinu cha upepo na bawa kwa wakati ule ule.

Ujuzi huu ni wa zamani kuliko helikopta yenyewe. Mhandisi Mhispania Juan de la Cierva alitengeneza eropleni kubwa ya injini tatu, nayo ikaanguka mwaka 1919 kwa kuwa ilipunguza mwendo mno na mabawa yake yakashindwa kuibeba. Akaazimia kuunda chombo ambacho mabawa yake yataendelea kwenda mbio hata chombo chenyewe kikienda polepole. Mnamo Januari 1923 chombo chake, chenye mapanga juu yaliyozungushwa na hewa tu, kiliruka karibu na Madrid, na mwaka 1928 akavuka kwa chombo cha namna hiyo mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Cierva alifariki Desemba 1936 katika ajali ya eropleni ya abiria huko Croydon, karibu na London, akiwa msafiri tu. Miezi michache baadaye, tarehe 10 Mei, 1937, rubani Mjerumani Ewald Rohlfs aliishusha helikopta ya Fw 61 chini huku injini imezimwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa helikopta kutua hivyo.

Sasa na tumtazame mwanafunzi. Katika nchi nyingi mwanafunzi huanza kwa helikopta ndogo ya Kimarekani iitwayo R22, iliyobuniwa na Frank Robinson na kupata kibali cha serikali ya Marekani mwaka 1979. Ina viti viwili, na mapanga mawili ambayo upana wa duara lake ni futi 25 hivi. Kwa kuwa bei yake ni nafuu, ilipendwa sana na shule za urubani. Lakini mapanga yake ni mepesi, na kitu chepesi kizungukacho hakiweki akiba kubwa ya nguvu. Katika helikopta nzito, kama ile ya kijeshi ya Bell iliyojulikana kwa jina la Huey, mapanga mazito huendelea kuzunguka kwa muda hata rubani akichelewa kidogo. Katika R22 hakuna nafasi ya kuchelewa. Mapanga yake huzunguka mara 530 hivi kwa dakika, na injini ikizimika wakati chombo kinapopanda kwa nguvu zote, muda wa kutenda ni kama sekunde moja. Mtu akishtuka na kuuliza, “Kuna nini?” muda huo umekwisha.

Tendo lenyewe ni hili. Kushotoni mwa rubani mna wenzo uliolala kama breki ya mkono ya motokaa. Akiuinua, mapanga yote hugeuka pamoja yakaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi, na helikopta hupanda. Akiushusha, mapanga hulala, na helikopta hushuka. Mwanafunzi amefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza: chombo kikishuka usipotaka, inua wenzo. Basi injini inapozimika, chombo huanza kuzama, na mkono wa kushoto hutaka kuinuka kama ulivyozoea. Ukiinuka, mapanga yatakabiliana na hewa kwa pembe kubwa bila injini ya kuyasukuma, nayo yatapunguza kasi mara moja. Katika R22, kasi ya mapanga ikipungua chini ya asilimia 80 ya kasi yake ya kawaida penye usawa wa bahari, yaweza kuacha kubeba kabisa, na hakuna rubani awezaye kuyarudisha. Kwa hiyo chombo kinapoanguka, yampasa rubani kuushusha wenzo mpaka chini, yaani kukiamrisha kishuke zaidi. Katika kushuka huko mapanga hulala, hewa itokayo chini huyashika, nayo huendelea kuzunguka.

Wakati huo huo mna mambo mengine mawili. Nguvu ya injini hutaka kuligeuza tumbo la chombo upande mmoja, na panga dogo la mkiani hulizuia. Injini ikizimika, msukumo ule hutoweka ghafula, na pua ya helikopta ya Kimarekani hugeuka kushoto. Rubani hukanyaga kikanyagio cha kulia ili kuinyosha. Panga la mkia haliachi kufanya kazi, kwa maana limeunganishwa na mapanga makubwa na kuzungushwa nayo. Tena pua hutaka kuinama, kwa hiyo usukani huvutwa nyuma kidogo. Hapa wale waliokuwa marubani wa eropleni kabla ya kujifunza helikopta wamo hatarini kuliko wanafunzi wapya. Katika eropleni, king'ora kinapolia kuonya kwamba mabawa karibu yatashindwa, rubani husukuma usukani mbele. Katika helikopta, king'ora huonya kwamba mapanga yanapunguza kasi, na kusukuma usukani mbele huyapunguzia kasi zaidi. Mkono uliozoeshwa miaka mingi si rahisi kuuzoesha upya, na mtengenezaji wa R22 aliona haja ya kuwaandikia marubani hao onyo lao peke yao.

Somo halianzii angani. Mwanafunzi hukaa kwanza katika chombo kilichozimwa, mwalimu husema neno, naye hushusha wenzo, hukanyaga, huvuta usukani; hurudia hivyo mpaka mikono ifanye bila kuagizwa. Kisha hupanda juu sana, mahali penye uwanja mpana chini yao na upepo ukiwa mbele. Mwalimu huhesabu kwa sauti, “Tatu, mbili, moja,” ndipo kishikio cha mafuta, ambacho huzungushwa kwa mkono kama cha pikipiki, hurudishwa mpaka injini ikabaki ikinguruma polepole bila kuvuta. Katika kipimo mna mishale miwili, mmoja wa injini na mmoja wa mapanga, nayo siku zote husafiri pamoja kama mapacha. Sasa hutengana: wa injini huanguka, wa mapanga hubaki juu. Mwanafunzi auonapo huo wa pili umebaki pale pale, huanza kuamini kile alichoambiwa darasani.

Kushuka kwenyewe ni kwa kasi. Mwendo wa mbele ni maili 75 hivi kwa saa, na chombo huzama futi 1,500 au zaidi kwa kila dakika. Kwa mtu wa mara ya kwanza tumbo hupanda kifuani. Ardhi huja juu. R22 ikipunguza kasi ya mapanga kidogo na kuongeza mwendo, yaweza kwenda mbele futi nne kwa kila futi moja ishukayo. Eropleni ndogo huenda kama mara mbili ya hizo. Kwa hiyo uwanja wa kutua hauchaguliwi mbali kwenye upeo wa macho. Huchaguliwa karibu, karibu chini ya miguu, na rubani mwangalifu huwa ameuchagua kabla haujahitajika. Njiani hutazama mambo mawili bila kuchoka: mwendo, na mshale wa mapanga. Mapanga yakizidi kasi, huinua wenzo kidogo sana, yakipungua, huushusha.

Karibu futi 40 juu ya ardhi huja sehemu ya pili, iliyo ngumu zaidi. Rubani huvuta usukani, pua ikainuka, na chombo kikawa kama farasi anayevutwa hatamu. Mwendo wa mbele hupungua, mzamo hupungua, na hewa iingiayo kwa nguvu chini ya mapanga huyaongezea kasi. Nguvu iliyokuwa katika mwendo imehamia katika mapanga. Katika futi nane hivi hulaza chombo sawasawa, ili mkia usigonge chini, kisha huinua wenzo. Ule mkono uliokatazwa kuinuka tangu mwanzo sasa huamriwa kuinuka, na akiba yote iliyo katika mapanga hutumika kwa pumzi chache kulaza chombo chini taratibu. Akiba hiyo ni ya mara moja. Akiinua wenzo mapema, chombo husimama hewani kwa futi kumi, mapanga huchoka, na kutoka hapo huanguka kweli. Akichelewa, hupiga ardhi kwa nguvu zote za kushuka.

Wanafunzi wengi hawaifikishi safari hiyo mpaka chini. Walipokwisha inua pua, mafuta hufunguliwa tena, mishale miwili hukutana, na helikopta husimama hewani kwa futi chache huku injini ikivuta. Hata katika mtihani wa serikali ya Marekani wa kupata leseni ya kwanza, kumalizia kwa njia hiyo hukubaliwa. Wale watakao kuwa walimu ndio hutakiwa kujifunza kutua hasa. Wako wanaosema kwamba huko ni kufundisha nusu ya somo, kwa kuwa sehemu iuayo ni ile ya futi za mwisho. Wengine hujibu ya kwamba futi hizo za mwisho zimevunja helikopta nyingi katika mazoezi, na kwamba mtu aliyefika futi kumi akiwa na mwendo mdogo na mapanga mazima ana nafasi njema ya kuishi hata kama chombo kitavunjika. Hoja ya pili ina uzito. Chombo hununuliwa kingine.

Maana hapa ndipo penye jambo la kusikitisha. Kampuni ya Robinson yenyewe iliwaandikia marubani kuwaonya kwamba helikopta nyingi huharibika katika kufanya mazoezi ya kuzimika kwa injini, ilhali kuzimika kwenyewe hutokea kwa nadra sana. Ajali nyingi za namna hiyo hazianzi mwanafunzi aanzapo kushuka. Huanza pale mwalimu anapoona mambo hayaendi sawa, naye akangoja kidogo kwa tumaini kwamba mwanafunzi atajirekebisha. Kwa sababu hiyo mpaka uliwekwa futi 100 juu ya ardhi. Wakifika hapo, sharti chombo kiwe kimekwisha kunyooka, mwendo uwe ule upasao, mapanga yawe katika kasi yake, na mzamo usizidi futi 1,500 kwa dakika. Likikosekana hata moja, mwalimu hufungua mafuta mara moja na kupanda, bila majadiliano.

Onyo jingine liliwahusu walimu wapendao kumshtua mwanafunzi. Hapo zamani wengi waliona kuwa ni vizuri kufunga mafuta ghafula pasipo kusema neno, maana injini haipigi hodi inapozimika. Wazo hilo laonekana kuwa na akili, lakini limeleta vifo. Mwanafunzi aliyeshtuka huweza kuganda, au kuinua wenzo kwa mkono wenye nguvu, na katika sekunde ile moja mwalimu hana wakati wa kuutoa mkono wa mwenziwe na kuushusha. Tena mafuta yakifungwa kwa ukali, mara nyingine injini huzimika kweli, na zoezi hugeuka kuwa jambo lenyewe juu ya msitu au nyumba za watu. Ndiyo sababu mwalimu huhesabu kwa sauti, na ndiyo sababu hufanya hivyo penye uwanja chini yake.

Mwaka 1995, baada ya ajali kadhaa za R22 ambazo mapanga yalishindwa au kupiga mwili wa chombo, serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya pekee kwa helikopta hiyo na kwa ndugu yake mkubwa, R44. Mwanafunzi alitakiwa kupata saa 20 na mwalimu kabla ya kuruka peke yake katika R22, na masomo ya kushuka bila injini na ya kutunza kasi ya mapanga yaliongezwa. Aliyekwisha kuwa na leseni lakini hana saa nyingi alitakiwa kurudi kwa mwalimu kila mwaka.

Yako pia mahali ambapo ustadi hausaidii sana. Helikopta iliyosimama hewani bila mwendo, kwa kimo cha futi mia moja au mbili, haina kasi ya mbele wala urefu wa kutosha wa kushukia ili mapanga yaishike hewa. Kila helikopta huwa na mchoro wake uonyeshao kimo na mwendo wa kuepukwa, na marubani wa Kiingereza wameuita kwa jina la marehemu. Futi chache tu juu ya ardhi ni salama zaidi: injini ikizimika hapo, akiba iliyo katika mapanga yatosha kulaza chombo chini, na mwanafunzi hufanya zoezi hilo nalo, bila kushusha wenzo safari hii, kwa kuwa hakuna mahali pa kushukia.

Kwa marubani wa nyanda za juu kama Nairobi, iliyo futi 5,500 hivi juu ya bahari, hesabu hubadilika. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo chombo huzama upesi zaidi, na mapanga yakiwa yamelazwa huelekea kuzunguka mbio kupita kiasi mpaka yazuiwe kwa wenzo. Kanuni ya R22 husema ile asilimia 80 iongezwe moja kwa kila futi elfu za kimo, na kwa hiyo penye futi 5,500 mapanga yaweza kushindwa yakiwa bado na asilimia 85 au 86 ya kasi yake. Rubani aliyejifunza kando ya bahari na kuja kufanya kazi bara hurudia somo hili na mwalimu wa huko kabla ya kumpakia abiria wake wa kwanza.